Alama ya Ukoo Katika Zizi la Kijiji

Kwa Baba yangu mpendwa, Mzee Yoramu,
Gulwe.

YAH: NG'OMBE WALIOZUILIWA HUKU BAHI

Shikamoo Baba. Natumaini barua hii itakukuta wewe na Mama mkiwa wazima, na goti lako likiwa limepata nafuu. Sisi huku tu salama, isipokuwa mimi usingizi umenipaa. Madhumuni ya barua hii ni kukuarifu jambo la kikazi ambalo limeingia nyumbani kwetu bila kubisha hodi. Sikupiga simu, kwa kuwa simu yako hupokelewa na mdogo wangu Abeli.

Kama ujuavyo, mimi ndiye kamanda wa mgambo wa kijiji. Pakizuka ugomvi wa mipaka, ninaitwa. Wito wa baraza ninaupeleka hata kwa rafiki. Mifugo ikiingia shambani, ni wajibu wangu kuifunga zizini mpaka mwenyewe ajitokeze. Jumatatu nilimkuta Meshack, mfugaji wa hapa kijijini, akiwa na kundi la ng'ombe ndani ya majaruba ya Bi Salha, mjane, mpunga ukiwa ndiyo kwanza unachanua. Bi Salha hakulia. Aliniuliza tu iwapo kijiji kiliniweka nilinde watu au nilinde kwato.

Meshack alitembea nyuma ya ng'ombe hao akicheka. Nilipomtaka amtaje mwenye mali, alijibu kuwa wale si wake, amepewa awatunze tu, na anayekunywa maziwa ya ng'ombe wa mwenzake hamtangazi mwenzake. Akaongeza kwamba Kamanda anajua sana kusoma sheria, ila kusoma masikio hajui.

Maneno hayo yalinikereketa mpaka asubuhi. Nilipokuwa nikiwanywesha, nilimshika sikio mtamba mmoja mwekundu. Baba, mkato ule wa alama ya ukoo wetu ni wewe uliyenifundisha, kisu kikiwa mkononi mwangu na mkono wako juu ya wangu. Nikamtazama wa pili, na wa tatu. Wote ni wetu.

Mwaka jana, ukoo ulipoketi kwa ajili ya mahari ya Abeli, ulisimama ukasema kwamba ukame umelifagia zizi lako. Tulikuamini. Mchumba wake Emilia akaolewa kwingine, na Abeli hajacheka vizuri tangu hapo.

Ijumaa halmashauri ya kijiji itaketi. Mwenye mali asipojitokeza, ng'ombe watapigwa mnada na Bi Salha atafidiwa. Meshack amekwisha kunijia, akanishauri nisahau komeo la zizi, kwa kuwa hata kamanda husinzia. Nilimfukuza, lakini tangu hapo nimekuwa nikiamka kila mara kwenda kulishika komeo lile, nisijue kama ninawalinda ng'ombe au ninajilinda mwenyewe.

Sasa nakiri. Jana Mtendaji wetu, Bi Rukaya, aliniuliza mbele ya wajumbe iwapo ninamfahamu mwenye kundi. Nilijibu kuwa bado ninachunguza. Nilisema uongo nikiwa nimevaa sare. Ijumaa sitaurudia; nikiulizwa, nitalitaja jina lako.

Nisalimie Mama, na majirani wote wanaoniulizia. Abeli usimpe salamu zangu kwanza, maana sijui nitamtazama kwa uso gani.

Kwa heshima zote, naomba uamuzi wako kabla ya Ijumaa: utamweleza Abeli kisha uje kuwadai ng'ombe wako mwenyewe, au nikutaje mimi?

Mwanao mtiifu,
Ebenezer Yoramu
Kamanda wa Mgambo