Fainali Niliyoisikiliza Nje ya Ukuta

Mwanangu mpendwa Koku,

Marahaba. Naitikia kabla hujaniamkia, maana ni miaka sita sijaisikia shikamoo yako na nimechoka kuingoja. Namba yako ya zamani haipatikani, mpya hukunipa. Ndiyo maana barua hii nimeipeleka gazetini, isomwe na kila mtu. Waache wasome. Nilikukosea mbele ya watu, na radhi nakuomba mbele ya watu.

Unaukumbuka mtumbwi wa baba yako? Ule wa mbao uliokuwa nyuma ya nyumba, wa kukanyagia ndizi za rubisi, pombe yetu ya ndizi. Mungu hakutujalia mtoto wa kiume. Nilikuzaa wewe, tumbo likafunga. Kila siku ya kukamua, baba yako alilazimika kumbembeleza jirani aje amsaidie, na jirani kila mara ana mgonjwa au ana kikao. Ukiwa na miaka minane akakuosha miguu, akakusimamisha juu ya ndizi mbivu zilizochanganywa na nyasi, akakwambia, "Kanyaga kwa kisigino, geuza kwa vidole."

Mimi natoka shambani na jembe begani, naona nini? Binti yangu yuko mtumbwini! Nilipiga yowe nadhani hata Isingiro walisikia. Kwetu kukanyaga ndizi ni kazi ya wanaume, mwanamke akitia mguu mle ni mkosi. Niliambiwa hivyo na mama yangu, naye aliambiwa na mama yake, na kati yetu sote hakuna aliyewahi kuuliza kwa nini. Baba yako alicheka tu. "Mama Koku, hebu tazama kwanza miguu hiyo, ndipo upige kelele."

Sikutazama. Nilikutoa kwa kukuvuta mkono, nikakuchapa. Wiki iliyofuata mlirudia nikiwa kanisani, mkadhani sijui. Nilijua. Kisigino chako kilikuwa kinanukia ndizi mpaka kitandani. Leo watangazaji wanashangaa jinsi unavyouzungusha mpira bila kuutazama, wanauliza umefundishwa wapi. Waitu, wangeniuliza mimi!

Sasa nifike kwenye neno lenyewe, nisizunguke. Baba yako alipofariki ulikuwa na miaka kumi na saba. Siku ya tatu ya matanga, wanawake wamejaa uani, wewe umetoka kuchota maji, shangazi yako akanong'ona kwamba nyumba iliyokanyagiwa ndizi na msichana haiwezi kubaki na mwanaume. Ningeweza kumnyamazisha. Nilikuwa na uchungu, nikatafuta wa kumbebesha, nikakugeukia wewe. Nikasema kwa sauti, watu wote wakisikia, "Wewe ndiye uliyemchimbia baba yako kaburi kwa miguu yako."

Ulitua ndoo taratibu hata tone halikumwagika. Mwezi haukuisha, yule mwalimu wa michezo wa Nyakasimbi akaja kukuombea ruhusa ukajaribiwe kwenye timu ya wanawake. Nikamwambia, "Mchukue, hapa hana mama." Ukaondoka na kimfuko cha plastiki. Baba yako aliuawa na presha, Koku. Daktari alinieleza hata kabla ya maziko. Nilijua wakati nasema, na hilo ndilo linaloniuma kuliko yote.

Usidhani miaka hii yote nilikuwa nimekusahau. Nilinunua redio ndogo nikawaambia majirani nasikiliza bei ya kahawa. Nani anasikiliza bei ya kahawa saa kumi jioni, siku ya Jumapili, ameziba mdomo kwa kanga? Ulipofunga bao lako la kwanza kwenye ligi nilimwaga mboga. Nilijifunza kuotea ni nini. Mpaka leo sijui vizuri, lakini nikisikia refa amekunyima bao namtukana.

Basi timu yenu ilipoingia fainali, na fainali ikapangwa Mwanza, nikasema naenda. Kwetu mtu anayekwenda kuomba radhi hatangulizi habari, anajitokeza mlangoni na mzigo wake, ili mwenyeji asipate muda wa kuandaa hasira. Kwa hiyo sikumwambia mtu. Nikavundika ndizi, zikaiva, nikaziweka kwenye mtumbwi wa baba yako. Kisha nikafunga mlango wa ua, nikaosha miguu, nikaingia mwenyewe.

Ndiyo. Mimi. Kwa umri huu, nimeshika ukuta nisianguke, nakanyaga kwa kisigino, nageuza kwa vidole. Nililia mle ndani, kisha nikacheka. Hakuna aliyekufa. Hata mbuzi hakuugua.

Nikajaza dumu la lita tano, nikapanda basi alfajiri pale Omurushaka. Kosa langu, nilikaza mfuniko. Mtu wa Karagwe mzima, najua kabisa juisi ya ndizi haikubali kufungiwa, lakini akili yote ilikuwa kwako. Tulipokaribia Biharamulo dumu limevimba, nikalegeza kidogo, puu! Juisi ikamrukia mzee mmoja aliyevaa suti. Alijilamba mdomo, akasema, "Hii imekamuliwa vizuri, mama, nani kakukanyagia?" Nikamwambia, "Nimekanyaga mwenyewe." Akanitazama, halafu akaomba kikombe.

Kesho yake nafika uwanjani na dumu langu, geti limefungwa. Mlinzi, dada mmoja mwenye kofia, akaniambia, "Shikamoo mama, hukusikia? Mashabiki walirushiana mawe kwenye nusu fainali. Leo haingii mtu. Wanacheza wenyewe." Nikamwambia mimi si shabiki, mimi ni mama yake namba nane. Akasema hata mama wa refa haingii. Nikakaa chini pale pale. Miaka sita, safari ya siku nzima, na mawe ya watu nisiowajua ndiyo yananifungia mlango. Nilikasirika, kisha nikajiambia ni haki yangu, maana nami nilikufungia.

Yule dada akanionea huruma. Akanitafutia kiti cha plastiki, akakiweka karibu na ukuta, akafungua redio kwenye simu yake. Koku, uwanja usio na watu unasikika wote! Nilisikia mpira ukipigwa, nilisikia kocha wenu akigomba, nikasikia sauti yako, "Rudi! Rudi! Achia!" Ina ukali wa sauti yangu, pole. Redio ilikuwa nyuma kidogo, kwa hiyo kila kitu nilikijua mara mbili, kwanza ukutani, halafu kwa mtangazaji. Mlifungwa moja, mkasawazisha.

Halafu nikasikia kishindo, na kilio kifupi, na kimya. Nilikitambua kilio hicho. Ndicho ulichokitoa ulipoanguka kutoka kwenye mti wa kahawa una miaka mitano. Mtangazaji akaja kusema kwamba namba nane yuko chini, machela inaletwa. Sijui nilisimama saa ngapi. Nilipanda juu ya kile kiti, yule dada akanishika kiuno akidhani nataka kuruka ukuta, nikaita kwa nguvu zangu zote, kwa lugha ya nyumbani, "Koku! Imuka! Imuka, mwana wangu!"

Mtangazaji akasema umeinuka. Akasema umekataa machela, umeomba upige mwenyewe ile adhabu. Mengine unayajua kuliko mimi, nani alipiga kichwa na kombe alilibeba nani. Mimi nilimkumbatia mlinzi wa watu mpaka kofia ikadondoka.

Basi lenu lilitokea geti la nyuma. Yule dada alinielekeza hoteli yenu, nikafika hadi barabarani, nikageuka. Niliogopa sura yako. Dumu nikarudi kumwachia yule dada getini, na asubuhi nikarudi nyumbani nikiwa nimeamua kwamba inatosha, nimekusikia, nitakufa nimekusikia.

Lakini juzi nilikuwa namenya ndizi, ukawa unahojiwa kwenye kipindi cha michezo. Wakakuuliza ilikuwaje ukainuka. Ukacheka kidogo, ukasema, "Nilisikia kama mama yangu ananiita jina la nyumbani. Ni maumivu tu, mtu akiumia anasikia mengi. Mama hajawahi kuja uwanjani, na hawezi kuja."

Kisu kilinidondoka. Ndipo nikatafuta kalamu.

Mwanangu, nisamehe kwa lile neno la matangani. Si kweli, na halikuwahi kuwa kweli. Ukitaka kuja, mlango haufungwi. Ukitaka nije, niambie ni mji gani. Ukitaka muda, chukua, mimi nimezoea kungoja. Mungu akuponye huo mguu, ule vizuri, ulale mapema.

Ila usimwambie tena mtu yeyote kwamba yalikuwa maumivu. Nilikuwa mimi, Koku. Nilikuja.

Mama yako,
Chonyonyo, Karagwe