Kitambaa Cheupe cha Sandukuni

Kanga, 5 Rajabu 1324

Mwanangu Hamdu, salamu nyingi. Tu wazima, ila mkeo Chiku. Juzi akifua nazi, nazi ikamponyoka, ncha ya kifuo ikamwingia kiganjani. Nikambandika majivu na utando wa buibui, kama tulivyofanyiwa sisi. Leo mkono umevimba mpaka kifundoni na unanuka. Jirani yetu Ussi asema utakatwa. Wewe unayefanya kazi hospitali kwa Wadachi, niambie la kufanya, upesi.

Mamako

Dar es Salaam, 9 Rajabu

Mama, shikamoo. Barua yako nimeisoma wima, kukaa nilishindwa. Majivu yatoe yote. Nawa mikono kwanza. Chemsha maji na chumvi, yapoe, umwoshe mpaka uone nyama nyekundu, akilia, endelea. Mfunge kitambaa cheupe kisichovaliwa na mtu, ukichemshe na kukianika juani. Badilisha kila siku. Wekundu ukipanda mkononi, mlete kwa chombo cha kwanza. Mama, mkono ule usipotee.

Mwanao Hamdu

Kanga, 2 Shaaban

Marahaba, mwanangu. Mkono upo. Usaha ulitoka siku sita, ya saba nikaona nyama mpya. Jana Chiku alisuka ukili, tena ananicheka kwamba mimi ndiye mzito wa kusuka. Alinitukana nikimwosha; nimemsamehe. Niliongeza asali. Hukuniambia, lakini mimi nilikuwako kabla ya daktari wako.

Kilichonisumbua ni kitambaa. Nyumba nzima cheupe kisichovaliwa kilikuwa kimoja tu, sanda yangu ya sandukuni. Nimeichana. Sasa sina ruhusa ya kufa mpaka unipatie nyingine.

Mamako

Dar es Salaam, 15 Shaaban

Mama, shikamoo. Nimewaona madaktari wakifanya mengi, hili sijaliona. Sanda uliyoitunza tangu alipofariki baba, ukaichana kwa mikono yako! Nimelia mbele ya wagonjwa na sikuona haya. Najivunia kuwa mwanao. Nahodha Mbaraka anakuletea bafta mpya ya sanda. Hii ifungie, mama, na ufunguo mpe Chiku, maana wewe nakujua.

Mwanao Hamdu

Kanga, 10 Shawali

Mwanangu, marahaba. Bafta imefika, nzuri, nene. Ufunguo nilimpa Chiku kama ulivyotaka. Juzi Somoe, mke wa Ussi, alijikata kwa shoka mguuni. Kabla sijafungua kinywa, mkeo alikuwa amekwisha kufungua sanduku, na maji yako motoni. Bafta ameichana yeye, kwa mkono uleule.

Somoe anaendelea vizuri. Leta nyingine.

Mamako