Digrii za Nyumba ya Bwambale

Bwera, 12 Januari 2025

Docus, mutoto wa dada yangu,

Habari ya Singapore na baridi ya ofisi? Huku tuko wazima. Goti ya bibi yangu wa ndoa, Bulandina, inauma, lakini mudomo yake iko muzima kabisa.

Niliona picha ya jengo yenye miti mpaka gorofa ya ishirini. Nzuri, ila mimi nilishafanya zamani. Kule Mweya, ndani ya mbuga, nilijengea watalii nyumba baridi, simba akaingia Ijumaa, akalala, akatoka Jumapili.

Sasa sikia. Cheyamani Nobert, mukubwa wa kamati ya soko, anataka kubomoa nyumba yangu. Anasema barabara ya mpakani ni ya vioo na vigae, nyumba ya udongo inawaletea aibu. Amenipa mpaka mwisho wa Aprili. Nilimwambia alete hata tingatinga mbili, nitalala mlangoni. Wewe umesoma majengo. Andika barua ya kumunyamazisha.

Mujomba wako,
Bwambale

Singapore, 2 Februari

Mjomba,

Nakusalimu kwa heshima. Pole kwa goti la mama Bulandina. Mimi sijambo, kazi ni nyingi.

Majengo mapya ya huku yanajisifia vitu ulivyo navyo kwako: ukuta mnene unaochelewesha joto, matundu ya chini ya kuingiza hewa, dari ya matete iliyokandikwa udongo, na nafasi ya upepo kupita chini ya mabati. Hata Harare kuna jengo kubwa linalopumua hivyo, kama kichuguu.

Wakubwa wangu watawaandikia kamati, ila wanataka namba. Nimetuma vipimajoto viwili posta ya Kasese. Kimoja tundika ndani, kingine nje kivulini. Andika kila siku saa saba mchana, siku kumi na nne. Na tafadhali, mjomba, andika ulichokiona tu.

Mpwa wako,
Docus

Bwera, 10 Machi

Docus mupenzi,

Natumaini unakula vizuri. Goti imepoa.

Namba ndizo hizi. Nje arobaini na tisa, ndani sita. Siku ya tatu ndani ilishuka mpaka mbili, Bulandina akavaa koti mchana, akaomba na soksi. Siku zingine zinafanana, nimejaza mwenyewe. Waambie wakubwa zako waje wajifunze, nitawapa viti.

Mujomba wako,
Bwambale

Singapore, 25 Machi

Mjomba,

Natumaini wote mko salama.

Walicheka. Walipomaliza waliniuliza kama nyumba yenyewe ipo. Barua hawaandiki.

Nilipokuwa mdogo nililala mchana kwenye sakafu yenu, kwa sababu Bwera nzima hapakuwa na mahali pa baridi kama pale. Nyumba ile haikuhitaji uiongezee chumvi. Kwa Nobert sina la kufanya tena.

Docus

Bwera, 29 Aprili

Docus, mutoto wangu,

Salamu, na unisamehe. Nilinyamaza kwa sababu nilikuwa napima.

Safari hii nilisoma vipimajoto pamoja na Laurentine, muuza vitenge wa Butembo, na kila siku ametia sahihi, maana mudomo yangu kila mutu anaijua. Tarehe 14 nje 33, ndani 25. Tarehe 15 nje 31, ndani 25. Tarehe 16 mvua ilinyesha: nje 24, ndani 23. Hiyo iliniuma sana kuandika. Zingine ziko nyuma ya karatasi.

Leo kamati waliniita kwenye ukumbi wao mupya wa vioo kunisomea hukumu. Umeme ukakatika, feni zikasimama. Nikatundika kipimajoto ukutani kwao: 37. Nobert alisoma huku jasho inadondokea karatasi, wino ikaanza kutembea. Nikasema, "Cheyamani, hata kwangu unaweza kunihukumu. Viti viko."

Yeye alikataa. Wengine wakabeba madaftari yao wakatoka, basi naye akafuata.

Wameingia kwangu saa saba. Sasa ni saa kumi, Bulandina amewapa chai mara ya pili, na hakuna anayeaga. Ndani ni 25, Laurentine amesoma. Nobert ameniuliza kama sasa nitatoka kwa amani ili wabomoe.

Nimemujibu, "Mimi niko mlangoni. Anza kutoa kamati yako."

Mujomba wako,
Bwambale