Makala ya Mzee Omari

Korogwe, Jumanne, Agosti 1974

Bado siamini. Ni mimi niliyewabembeleza wiki nzima, kila mfanyakazi wa kituo cha utafiti aandike anachokijua tukichape kwenye jarida letu. Wasomi wote wakanipiga chenga. Aliyeleta ni Mzee Omari, mpima mahindi wetu kwenye shamba la majaribio la Mnyuzi, aliyejifunza kuandika juzijuzi kwenye kisomo cha watu wazima.

Nikasoma nikitabasamu, mpaka nikafika hapa: "Mahindi ya kupimwa huchaguliwa. Yaliyoliwa na funza tunayaacha shambani, mkubwa hapelekewi kitu kibovu."

Nikamwuliza, "Mzee, tangu lini?"

"Tangu nianze kazi, ndugu mkuu. Wewe mgeni wetu, nikuletee mahindi ya funza?"

 Ile mbegu niliyowasifia wakulima wa Mazingara kwamba funza hawaiwezi, niliisifia kwa vipimo vyake. Vijiji vizima vimeshaipokea, na barua ya kuipendekeza niliandika mwenyewe, kwa mkono wangu.

Alipoaga aliuliza kama makala yake itatoka. Nilishaahidi mbele ya wote kwamba sitakata hata neno moja.

Nimemwambia itatoka, ukurasa wa kwanza. Alinishukuru sana.