Bati Linatoa Jasho

Jumatano, mwezi wa saba. Baridi ya Meru imeshuka, ukungu umefika mlangoni. Mvua haijanyesha siku nyingi.

Na bado ndani kunadondoka.

Nimo chumbani humu na mwanangu. Kwetu Nkoaranga mzazi hatoki nje mpaka amalize miezi yake mitatu. Nalishwa, naogeshwa, sigusi jembe. Wenzangu wanasema nimebahatika kuzalia katika nyumba ya bati, ya kwanza ukoo mzima, iliyojengwa kwa kahawa. Bahati gani hii? Nimechoka mpaka nataka kupiga kelele.

Kila alfajiri matone yanatuamsha. Blanketi la mtoto ukilikamua linatoa maji. Kalenda ukutani imeota kuvu mpaka kwenye shavu la Malkia wa Uingereza pichani. Hayo ningeyavumilia, lakini mtoto anakohoa, na kikohozi chake kinazidi.

Mume wangu Anaeli anasema ni misumari. Leo amepanda tena na lami. Namsikia akitembea juu ya kichwa changu, anaziba matundu ambayo hayapo.

Jana ndipo nilipoelewa. Mama mkwe aliniletea maji ya chemchemi kwenye kikombe cha bati, baridi kwelikweli. Kwenye jiko la humu chumbani sufuria ilikuwa inachemsha majani ya kumfukizia mtoto. Nilipokiweka kikombe mezani, kikalowa kwa nje. Maji hayakupenya bati, yalitoka hewani. Mvuke wa sufuria, wa pumzi zetu, wa nepi zinazokaushwa juu ya jiko, wote unajaa humu na hauna pa kutokea. Hewa yenye joto inaubeba, ikigusa kitu cha baridi inauachia. Na usiku hakuna kitu cha baridi kama hilo bati letu.

Nyumba ya mama mkwe imeezekwa kwa majani, mvuke unajitokea wenyewe. Hapa kuna dirisha moja tu, nalo mama mkwe amelisokomeza matambara ili upepo usimpate mtoto. Akikohoa, tunaongeza sufuria. Tukiongeza sufuria, kunadondoka zaidi.

Tunamtibu kwa kinachomuumiza.

Leo nikamwonyesha kikombe. "Mama, hebu shika hapa nje."

Akashika, akamwaga maji, akakiinua kwenye mwanga kutafuta tundu. "Kimetoboka, mwanangu. Nitakuletea kingine."

Nikachomoa matambara dirishani. Akayarudisha taratibu, moja moja, akasema mimi mwenyewe ni mtoto bado na nitamuua mjukuu wake. Leo atalala humu humu, alinde dirisha.

Nimebishana nikashindwa. Kutoka siwezi, kufungua siwezi.

Sasa natandika. Mtoto nimemhamishia karibu na mlango, ambako ni pakavu kidogo. Mama mkwe nimemwekea godoro zuri, shuka safi, na mto nimeuweka pale pale panapodondoka kuliko kote.

Mungu anisamehe. Ni mkwe wangu na namheshimu, ila kesho alfajiri naye aamke kama tunavyoamka sisi.