Unga wa Kijani Uliomtumia Babu Yako

Mjukuu wangu Haji, mume wangu mdogo,

Shikamoo zako za kwenye simu nshachoka kuziitikia. Miaka minne hujakanyaga hapa! Pasipoti unayo, mshahara unao, miguu miwili unayo, na kila Idi unatutumia tende. Tende hapa Mkokotoni zinauzwa. Anayeniandikia ni Bi Mwanaidi jirani, maana mimi skuli sikukanyaga, na nimemwambia asilainishe hata neno moja.

Unakumbuka uani kwetu, babu yako akiroweka ngozi za mbuzi kwenye pipa la magome ya mikoko, maji mekundu kama chai ya rangi? Wewe meno ya mbele yalikuwa yameng'oka. Anachovya kidole, analamba, kisha anakutilia na wewe ulimini.

"Imekamata?"

"Bado, Babu."

"Mwongo we! Mbona uso umeukunja kama umemeza ndimu?"

Unanikimbilia jikoni nikupe sukari guru, na kesho yake uko kwenye pipa tena. Maisha yake yote alipima kwa ulimi. Ukakasi ukishika kama wa ndizi mbichi, ngozi itakaa. Usiposhika, itaoza. Kwa ulimi ule aliwashonea maharusi wa kisiwa hiki makubadhi ya ngozi, na hakurudi mtu kulalamika.

Ukaenda Dubai, ukapata kazi ya kuuza dawa za ngozi. Tulifurahi, sisemi uongo. Ulinieleza kwenye simu: mawe yanachimbwa Afrika Kusini, yanasagwa unga kwengine, unga unauzwa Bara Hindi na Uturuki, na viatu vinavaliwa Ulaya. Nikakuuliza, na maji ya kuoshea ngozi hizo yanamwagwa wapi? Ukacheka. "Hilo si langu, Bibi, mimi nauza tu."

Magome yalipokuwa ya shida, ukamtumia babu yako pipa la unga wa kijani na dumu la maji makali ya kuchanganyia. Maneno yako yalikuwa haya tu: "Mwambie Babu siku mbili ngozi iko tayari. Dunia nzima wanatumia hii." Kwenye pipa palibandikwa karatasi ya Kiingereza yenye picha ya mkono. Babu yako akaitazama, akaniambia, "Unaona? Kazi ya mkono hii, wanaiheshimu mpaka huko."

Akachanganya, akakoroga kwa mkono mtupu kama alivyozoea. Mimi nakuna nazi. Nikasikia ndoo imeanguka. Nikamkuta kwenye mfereji wa bomba, mdomo wazi, maji yanamwagikia ndani. Alikuwa amelamba, Haji. Angepimaje na yeye ndivyo anavyojua? Akanigeukia, anatema mate ya damu, akasema, "Imekamata."

Tangu siku ile hajui chumvi wala sukari. Nimempa mchuzi niliosahau kuutia chumvi, akasema mtamu. Na kwa kuwa magome hayapatikani, akaendelea na ule unga uliobaki mpaka vidole vikapasuka. Sasa sindano haikai mkononi, na makubadhi ya mwisho yapo nusu. Akanikataza nisikwambie. Na kwa kila anayekuja kumjulia hali anajisema mwenyewe: "Mimi mjinga. Mtoto kaniletea kitu cha kisasa, nami nimelamba kama mbuzi." Watu wanacheka, na yeye anacheka nao. Wakishaondoka anayapakata yale makubadhi ya nusu mpaka magharibi.

Nilimtii. Nikasema, mtoto hakujua.

Mwezi uliopita ukatuma picha yako ghalani. Glavu mpaka viwikoni, miwani mikubwa, mdomo umezibwa, na nyuma yako mapipa yale yale. Babu yako akasema, "Anaogopa kuchafua shati." Mimi nikaenda kumwita Bi Mwanaidi, nikaibandua ile karatasi ya pipa, nikamwambia nisomee. Akasoma: usishike kwa mkono mtupu, usitie mdomoni. Nikamwambia rudia. Akarudia.

Kwa hiyo ulijua. Ulijua, na ulijua babu yako atalamba, maana ulimi ule ndio uliokufunza. Wateja wako wa mbali wanaletewa karatasi wanayoweza kuisoma, wakiungua wana wa kumshitaki. Sisi ukatuletea salamu. Na juzi unanipigia eti Unguja bado soko halijaguswa, ulete mapipa mengine, Babu awauzie wenzake wa Nungwi! Hayaji. Likishushwa moja bandarini nitalikalia mwenyewe, waniondoe polisi.

Usidhani nimekuacha. Mgongo huu ulikubeba mama yako alipokuwa mgonjwa, na ungekuja leo ungebebwa tena, ndevu zako zote hizo. Ndiyo maana nina hasira. Mtu wa nje angenifanyia haya ningemlaani nikaenda kulala. Wewe siwezi kukulaani. Nakuombea kila sala, huku nimeuma meno.

Mimi sitaki uniombe radhi. Wala hela ya hospitali usitume kwanza. Nnachotaka ni yule mzee asife akijiita mjinga.

Basi ukija, usije na zawadi, na mimi usiniamkie kwanza. Pita mpaka uani, vua viatu, kaa kwenye jamvi, umshike mikono yake hiyo hiyo ilivyo, umwambie: "Babu, nilijua, na sikukwambia." Kaa upande wa kulia. Sikio la kushoto halisikii.

Mimi bibi yako,
mkeo wa kwanza