Upenu Mfupi

4 Februari

Mdogo wangu,

Hujambo? Sisi wazima, ila mgongo wa Mama unamsumbua baridi ikizidi. Habari zako zimetufikia kupitia gazeti. Mama amekata picha yako na kuibandika mlangoni mwa kabati, juu ya ile yangu ya mahafali. Siku hizi naonekana miguu tu. Hongera. Umechora bustani ya umma, jengo la kusomea la kuta za udongo, maji ya mvua yatakingwa, hakuna mti utakaokatwa! Mimi mwaka wa kumi na mbili huu naichorea manispaa vyoo vya soko, na hakuna aliyewahi kuja kuvipiga picha. Angalia tu: mgema akisifiwa, tembo hulitia maji.

Dada yako

19 Februari

Dada, shikamoo.

Pole na mgongo wa Mama. Methali yako imenichoma, lakini nimecheka. Wewe ndiye uliyenifundisha kushika rula, basi nisaidie. Michoro hiyo hapo. Upande wa magharibi nimefupisha upenu wa paa ili tusikate tawi la mkuyu. Wakubwa wameshapitisha, ila naliamini jicho lako kuliko mihuri yao. Ukiona kasoro sema, hata kama itaniuma.

Mdogo wako

2 Machi

Mdogo wangu,

Salamu. Mama hajambo. Michoro nimeiona. Sina la kuongeza.

Dada

27 Mei

Dada, shikamoo.

Mimi mzima wa mwili tu. Mvua ya Jumanne ilikuja na upepo kutoka magharibi. Ukuta wenye upenu mfupi ukalowa chini, na saa tisa alasiri ukaketi kama ng'ombe aliyechoka. Mtunza bustani alikuwa ametoka ndani ya jengo kwenda kufunga bomba. Angechelewa kidogo tungekuwa tunazika. Waandishi wale wale wamerudi na kamera zao.

Niambie kitu kimoja. Kweli hukuona?

Mdogo wako

8 Juni

Mdogo wangu,

Hali sikuulizi, naijua.

Niliona. Siku ile ile, chai haijapoa. Msingi wa mawe ulitakiwa kupanda hadi usawa wa goti, maji yasiufikie udongo, basi. Tawi lingebaki na ukuta ungebaki. Nilishika kalamu nikuandikie. Mama akapita na wageni akiwaonyesha picha yako: "Huyu ndiye mwenye akili ya kujenga." Nikaiweka kalamu chini. Nilijiambia mafundi watagundua wenyewe. Uongo. Nilitaka ukosee, kidogo tu, asiumie mtu. Kumbe wivu hauna kidogo.

Nimewaandikia wakubwa wako kwamba uliniomba ushauri nikanyamaza. Mama nimemwambia pia. Haongei nami. Nyuma ya karatasi hii nimekuchorea msingi.

Dada yako, kama bado

30 Juni

Dada,

Salamu sina. Barua yako niliichana, kisha nikakaa sakafuni kuiunganisha kwa gundi, maana mchoro wa nyuma ndio tunaoutumia. Mawe yameanza kupangwa. Fundi mkuu aliugeuza geuza mchoro, akauliza, "Huu wa nani?"

"Wa dada yangu."

"Ana mkono mzuri. Mbona hukumwita mapema?"

Njoo umjibu mwenyewe. Beba viatu vya matope, na pa kulala utafute kwingine.

Mdogo wako